Taa ya injini imegoma kuzima: tafuta hitilafu kabla hujaagiza spea kutoka Dar

Sensa ya oksijeni (kile kipimo kidogo kinachokaa kwenye bomba la moshi) niliyoagiza Kariakoo ilifika stendi ya Tabora ndani ya boksi la viatu, imeviringishiwa gazeti. Ilikuwa ya mtumba lakini nzima. Kijana wa gereji akaifunga palepale chini ya mwembe, akachomoa fyuzi, akairudisha, taa ikazima. Nikamlipa, tukaagana kwa furaha. Kesho yake nikashika njia ya Urambo, na hata nusu ya zile kilomita 90 sijafika, taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka tena.

"Mzee, wamekuuzia sensa mbovu hao," kijana akaniambia kwenye simu.

Haikuwa mbovu. Ilikuwa nini, nitaeleza tukifika kwenye kupima. Corolla yangu ni ya 1998, naitumia kufuata asali na nta kwenye vijiji vya Sikonge, na taa ile nilikaa nayo miezi saba. Mimi si fundi wa kusomea. Nilichoambulia katika miezi hiyo ni kwamba kodi (ndivyo mafundi wanavyoiita ile namba inayotolewa na kompyuta ya gari, haihusiani na TRA) si jina la spea iliyokufa. Inakutajia njia ambayo kompyuta haielewani nayo, na njia hiyo ina sensa, ina waya, ina soketi, ina arthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), na ina kile kitu chenyewe ambacho sensa inakipima. Mtu wa Dar akikosea spea anarudi Gerezani mchana huohuo kubishana na muuzaji. Sisi wa Tabora, na ndugu zetu wa Kigoma ndiyo kabisa, spea ya umeme ikishapanda basi imekwisha kuwa yako.

Vifaa ni vichache. Mita ya umeme ya bei nafuu inayosoma volti na ohmu, waya mfupi uliomenywa ncha zote mbili, tochi, brashi ya waya, kopo la dawa ya kusafishia soketi za umeme, daftari. Gari lako likiwa la kuanzia miaka ya 2000, ongeza kifaa kidogo cha ELM327 kinachoongea na simu kwa Bluetooth. Programu za simu za kukisoma zipo nyingi, na za bure zinatosha.

Itazame taa yenyewe kwanza

Peleka ufunguo kwenye ON bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake. Piga stata, injini ikishika, izime ndani ya sekunde chache. Kama kwenye ON haiwaki kabisa, usishangilie. Wapo wauzaji wanaotoa balbu au kuibandika utepe mweusi, na wapo wajanja zaidi wanaoiunga na waya wa taa ya oili ili ziwake na kuzima kwa pamoja kama pacha. Ukienda kununua gari, hilo liwe jambo la kwanza kuangalia kabla hujaanza kupiga piga matairi.

Ikiwaka tulivu na gari linavuta kama kawaida, una muda, endesha hadi nyumbani. Ikipepesa huku injini inatetemeka, mambo ni tofauti: silinda moja au zaidi haichomi, na petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye katalaiza, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba. Toa mguu kwenye mafuta, punguza mwendo, tafuta pa kusimama, na usisimame juu ya majani makavu. Katalaiza iliyopandwa na joto namna hiyo inaweza kuwasha nyasi za Agosti, na pori la miombo likishashika moto hutalizima kwa chupa ya maji ya kunywa.

Taa nyekundu ya birika la oili, au mshale wa joto uliopanda juu, haviko kwenye mwongozo huu. Ukiona kimojawapo zima injini hapohapo.

Umeme kabla ya kompyuta

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, nami niliiruka. Kompyuta ya gari inaamini volti tu. Betri ikiwa dhaifu au arthi ikiwa na kutu, itasoma uongo na kukulalamikia sensa isiyo na kosa.

Pima betri asubuhi kabla hujawasha. Iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki na nusu tu. Washa injini, pima tena: kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya 13, angalia mkanda na altaneta. Juu ya 15, regyuleta imeharibika na inaunguza vitu.

Kisha arthi. Injini ikinguruma na taa kubwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, fuata ule waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye bodi na injini, ufungue, usugue kwa brashi mpaka chuma king'ae, ukaze. Gari la jirani yangu lilitoa kodi nne kwa mpigo, za sensa ambazo hazina undugu wowote. Tayari alikuwa ameshaulizia bei ya sensa zote nne. Tatizo lilikuwa boliti moja ya arthi iliyolegea pembeni ya injini. Kodi zikija kundi, tafuta kinachoziunganisha: arthi moja, fyuzi moja, au waya mmoja wa volti 5 unaozilisha zote.

Kusoma kodi

Hapa magari yanagawanyika. Marekani ililazimisha mfumo wa pamoja wa kusoma kodi, OBD-II, kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikalazimisha wa kwake kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Magari mengi tunayoendesha hayakutengenezwa kwa Wamarekani wala Wazungu; yaliundwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe. Ndiyo maana unaweza kukuta gari la 1999 lina soketi ya pini 16 chini ya usukani, lakini ELM327 inaitwa mpaka inachoka haijibiwi. Usikimbilie kusema kifaa ni feki. Inawezekana gari halizungumzi lugha hiyo.

Kwa Toyota za miaka ya 90 huhitaji mashine yoyote. Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna mchoro wa matundu na majina yake. Unataka mawili tu: TE1 na E1. Hakikisha kila kitu kimezimwa, feni ya kiyoyozi pia, gia iko P au N, na mguu hauko kwenye mafuta. Unganisha TE1 na E1 kwa ule waya mfupi, kisha peleka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini. Rudi kwenye dashibodi uhesabu.

Taa ikipepesa haraka bila kupumzika, haraka kama mapigo ya moyo wa mtu aliyekimbia, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Kama ipo, itatoa tarakimu mbili. Mfano 21: inawaka mara mbili, inatulia sekunde moja na nusu, inawaka mara moja. Kodi zikiwa zaidi ya moja, inatulia sekunde mbili na nusu kati ya moja na nyingine, ikianza na ndogo kwenda kubwa, kisha inarudia tangu mwanzo. Mwache mtoto ahesabu nawe, kila mtu kimoyomoyo, halafu mlinganishe. Mara ya kwanza mimi nilisoma 12 mahali pa 21.

Ambazo utakutana nazo zaidi: 12 na 13 ni ishara ya mzunguko wa injini, 14 ni mfumo wa cheche, 21 sensa ya oksijeni, 22 joto la maji, 24 joto la hewa inayoingia, 31 sensa ya presha au kipimo cha hewa, 41 mkao wa throto (kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta), 42 spidi, 52 sensa ya mgongo, yaani ile inayosikia injini ikigonga. Ya 51 imewasumbua wengi bure. Hiyo huja kwa sababu tu kiyoyozi kiliachwa kimewashwa, gia haiko P au N, au umekanyaga mafuta wakati wa kupima. Rekebisha hayo upime upya kabla hujaogopa.

Kama hakuna kiboksi chini ya boneti, kwenye soketi ya pini 16 ya Toyota nyingi njia ileile iko kati ya pini ya 4 na ya 13. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka waya, maana ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja. Taa za ABS na za mifuko ya hewa zikianza kupepesa nazo, usishtuke. Zinasoma kodi zao kwa waya huohuo.

Kwa gari linalokubali kifaa, simu itakupa herufi na tarakimu nne, mfano P0171. P ni injini na gia. Sifuri inayofuata inamaanisha kodi ya wote; ikiwa 1, ni ya mtengenezaji mwenyewe na utahitaji kuitafuta kwa jina la gari lako. Tarakimu ya pili baada ya P inakwambia mtaa: 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni cheche na silinda kutochoma, 4 ni moshi na mvuke, 5 ni spidi na sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), 7 na 8 ni gia.

Sasa andika kwenye daftari, na usifute. Mafundi wengi wakishasoma wanafuta papo hapo ili mteja aone taa imezima. Wanafuta pia picha ambayo kompyuta iliipiga wakati kosa linatokea: spidi, joto la maji, mzunguko wa injini, mzigo. Programu ya simu inaweza kuionyesha. Kosa lililotokea injini ikiwa na nyuzi 25, asubuhi, limesimama, si sawa na lililotokea nyuzi 90 kwenye kilima. Picha hiyo ina thamani kuliko kodi yenyewe.

Macho, pua, mkono

Kabla ya mita, nusu saa ya kuangalia. Nitaje yale ya kwetu tu.

Vumbi. Ukitoka barabara ya lami kuingia njia za vijijini kiangazi, ea klina inajaa ndani ya wiki chache. Toa uikung'ute uiangalie kwenye jua. Kama mwanga haupenyi, nunua nyingine. Halafu ufuate mpira mnene unaotoka kwenye boksi la ea klina kwenda kwenye injini. Ukunje kwa mkono, maana nyufa zake hujificha ndani ya mikunjo na hazionekani mpaka uukunje. Ufa hapo unaingiza hewa ambayo kipimo hakijaihesabu.

Panya. Gari likilala karibu na ghala la karanga au mahindi, panya atapanda kwenye injini kutafuta joto. Tafuta mavi yake, manyasi, na waya zilizoguguniwa, hasa juu ya kava la injini na nyuma yake kusikoonekana. Nyigu wa udongo nao hupenda kuziba mipira midogo iliyoachwa wazi.

Themostati, yaani vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto. Hii inaniudhi. Kuna imani gerejini kwamba nchi za joto hazihitaji themostati, basi inatolewa na kutupwa. Matokeo yake injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta ya kuwashia baridi. Gari linakula petroli, moshi unanuka, na taa inawaka na P0125 au P0128. Kama umenunua gari kwa mtu, usiulize kama themostati ipo. Washa, subiri, uone simu inasema nyuzi ngapi baada ya dakika kumi na tano za kuendesha. Ikibaki 60 na kitu, ilishatolewa au imekwama wazi.

Na mafuta. Ukijaza petroli ya madumu kijijini, hujui kama imechakachuliwa kwa mafuta ya taa au imekaa na maji. Taa ikiwaka siku moja baada ya kujaza, liandike hilo kwenye daftari kabla hujagusa kitu kingine.

Kupima

Nianze na kisa changu. Baada ya sensa ya pili kukataa nilimfuata fundi umeme mmoja, mzee mwenye maneno machache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umebadilisha nini mpaka sasa?"

"Sensa ya oksijeni. Kodi ni 21."

"Na umepima nini?"

Sikuwa na jibu. Akanipa mita, akanielekeza nilale chini ya gari mwenyewe. Sensa yangu ina waya nne: mbili nyeusi, moja ya bluu, moja nyeupe. Zile mbili nyeusi ni za hita iliyo ndani ya sensa. Bluu ni ya ishara na nyeupe ni arthi yake. Tukachomoa soketi, nikapima ohmu kati ya nyeusi na nyeusi upande wa sensa, ikiwa ya baridi. Ikasoma 13. Kwa Toyota nyingi inatakiwa kati ya 11 na 16 hivi. Kwa hiyo hita nzima, sensa nzima.

"Sasa upande wa gari," akasema. Ufunguo kwenye ON, ncha nyeusi ya mita kwenye chuma cha bodi, ncha nyekundu kwenye matundu ya soketi, moja baada ya jingine. Tundu moja la hita lilipaswa kuwa na volti za betri. Hakuna lililokuwa nazo. Sensa mpya ilikuwa inakaa kwenye bomba la moshi bila kulishwa umeme, kama ile ya zamani.

Fyuzi ilikuwa nzima, umeme ulikuwepo kwenye relei. Basi umepotelea njiani. Mzee akaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye soketi kwenda juu, kila sentimita kumi anauvuta kidogo. Mahali ulipopita karibu na bati la kukinga joto la bomba, ulivutika kama mpira wa manati. Plastiki ya nje ilikuwa haina hata mkwaruzo. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Tukakata kipande cha urefu wa kiganja, tukaunga waya mpya wa unene uleule kwa risasi, tukauvisha mpira wa kukaza kwa moto, tukaufunga mbali na bati.

Baadaye niliipima ile sensa ya kwanza niliyokuwa nimeitoa. Nayo ilisoma ohmu 13.

Utaratibu huu unafaa karibu kwa sensa yoyote: kwanza kama inalishwa, pili kama ina arthi, tatu kama ishara yake inabadilika inavyotakiwa, na mwisho kabisa ndiyo sensa yenyewe. Sensa ya presha na ya throto zinalishwa volti 5 hivi. Ishara ya oksijeni, injini ikiwa ya moto, inapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 bila kukaa mahali pamoja. Ya joto la maji kwenye Toyota hupimwa kwa ohmu: kati ya 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, kati ya 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Ukiwa na kifaa cha simu kuna njia rahisi zaidi. Asubuhi kabla ya kuwasha, joto la maji na joto la hewa yanapaswa kukaribiana. Moja ikisema 22 na nyingine −40, hiyo ya −40 soketi imechomoka au waya umekatika; Tabora hakuna baridi ya namna hiyo hata Julai.

Jaribio ninalolipenda halihitaji kufungua hata skrubu. Kama gari lina sensa ya presha, peleka ufunguo ON bila kuwasha injini, usome presha kwenye simu. Hapo inapima hewa ya nje tu. Maelekezo mengi yanasema ikiwa nzima itasoma kPa (kilopaskali, kipimo cha presha) 100 au 101. Hiyo ni hewa ya pwani. Tabora tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na sensa nzima inasoma karibu 88. Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika lililoko mita 770 na ushei, tarajia 92 hivi. Shemeji yangu alikuwa ameshatuma pesa ya sensa kwa sababu ya 88 hiyo. Bahati muuzaji alikuwa hajafunga mzigo.

P0171, yaani hewa nyingi kuliko mafuta, ndiyo kodi ya wakati wa vumbi. Usinunue kitu. Tazama kwenye simu asilimia ambazo kompyuta inaongeza mafuta, injini ikiwa kwenye sailensa, kisha ukiwa umeshikilia mzunguko 2,500. Chini ya 10 ni kawaida. Ikiwa juu kwenye sailensa, mfano 25, halafu inashuka ukikanyaga, kuna mahali panavuta hewa: mpira uliopasuka, gasketi ya manifodi. Nyunyiza maji kidogo kidogo kwa chupa ya dawa kwenye maungio usikilize mlio ukibadilika; achana na ushauri wa kunyunyiza petroli. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, mafuta hayatoshi: chujio, pampu, nozeli, au kipimo cha hewa kimechafuka kinadanganya. Kipimo cha hewa kisafishe kwa dawa yake tu, bila kukigusa kwa kidole wala kukipiga kwa kompresa. Uzi wake ni mwembamba kuliko unywele. Tahadhari kwa wenye injini za zamani zinazotumia sensa ya presha badala ya kipimo cha hewa: kwao ufa wa mpira hujionyesha zaidi kwa sailensa kupanda, na asilimia zinaweza zisiseme kitu.

P0301 mpaka P0304 zinataja silinda isiyochoma. Kama kila silinda ina koili yake, badilishana. Kodi ni P0302? Hamisha koili ya pili iende ya tatu, futa, endesha. Ikigeuka P0303, koili ndiyo yenye kosa, na umelijua hilo bila kutoa hata shilingi. Ikibaki 0302, fanya hivyo kwa plagi, kisha kwa nozeli. Ikibaki palepale baada ya vyote vitatu, nenda kapime mgandamizo.

P0420 ni ya katalaiza. Magari mengi katalaiza ilishatolewa, bomba likaungwa tupu, kwa hiyo kodi hiyo itarudi kila ukiifuta. Haitetemeshi injini. Gari likitetemeka na kodi ni hiyo tu, tatizo lako liko kwingine. Na ule ushauri wa kukaza kifuniko cha tanki, uliojaa mitandaoni, ni wa magari ya soko la Marekani yanayopima uvujaji wa mvuke wa petroli. Gari lililotoka Japan kwa kawaida halina kipimo hicho. Kaza kifuniko kwa ajili ya vumbi, usitegemee taa izime.

Kufuta na kuhakikisha

Ukishatengeneza, ndipo ufute. Kwa simu ni kubonyeza tu. Kwa Toyota ya zamani, zima gari, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika, irudishe. Ni bora kuliko kutoa betri, maana hupotezi saa na redio. Siku ya kwanza sailensa inaweza kuyumba kidogo kompyuta ikijifunza upya, ipe muda.

Halafu endesha, na si kuzunguka mtaa mara moja. Kwa OBD-II makosa mengi yanahitaji kuonekana katika safari mbili mfululizo ndipo taa iwake, kwa hiyo jioni moja ya utulivu haithibitishi chochote. Hata usipofuta, kosa likiwa limeisha kweli, taa huzima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa, na kodi hufutika baada ya injini kupata moto na kupoa mara 40. Endesha asubuhi injini ikiwa baridi, endesha mjini, kisha mwendo wa barabara kuu nusu saa bila kusimama. Mimi nilikwenda Urambo na kurudi mara mbili, safari ya pili gari likiwa na madumu ya asali. Usiku nikaunganisha TE1 na E1: taa ikapepesa haraka, bila kupumzika.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, nenda na daftari. Mwambie kodi, ilitokea gari likiwa katika hali gani, ulipima nini na ukapata ngapi. Akikwambia "ni sensa tu hiyo", mwombe kwa heshima akuonyeshe volti za soketi yake kwanza. Fundi mzuri hatachukia. Na ile sensa ya zamani akiitoa, rudi nayo nyumbani.